Mabaraza Manne ya Taarab Pemba: Hesabu Yake na Sababu Yake

(Maelezo yaliyotolewa kwa niaba ya kamati ya fedha mbele ya wanajumuiya, kabla ya kufunguliwa kwa changizo la mwaka)



  

Mmekwisha kusikia taarifa ya madarasa, ya maji na ya vituo vya afya. Sisi wa kamati ya fedha tumepewa kifungu cha mwisho, na tunajua kwamba ndicho kilichozungumzwa zaidi tangu karatasi ya ajenda ilipoanza kupita mikononi. Kinasema hivi: jumuiya isaidie mabaraza manne ya taarab ya kundi dogo huko nyumbani, moja katika kila wilaya, yaani Mkoani, Chake Chake, Wete na Micheweni, na kila baraza liwe na mada yake.

Maneno mliyoyasema tumeyapata. Wapo waliouliza: mtoto anakaa chini darasani, nyinyi mnataka fidla? Wapo waliouliza: taarab si huwa wanaharusi wanailipia wenyewe? Na wapo wazee wetu waliosema kwa upole kwamba muziki kwao si jambo la kuchangia. Yote matatu ni maswali ya haki. Kazi yetu ni hesabu, kwa hiyo tutajibu kwa hesabu, ila kwanza tueleze ni kitu gani hasa tunachokiombea fedha.

Sisi watu wa Pemba neno msimu hatuhitaji kufasiriwa. Msimu ni karafuu. Na tunajua tabia yake: mwaka mmoja mikarafuu inainama kwa uzito, mwaka unaofuata mtu anazunguka shamba zima anarudi na pakacha nusu. Mwenye akili haweki maisha yake yote kwenye mwaka mmoja wa neema. Sasa tunazungumzia msimu wa aina nyingine, lakini tabia hiyo tuikumbuke, maana tutairudia.

Taarab tunayoikusudia si ile ya spika kubwa ambapo anayekaa mbele anaziba masikio na anayekaa nyuma anapiga soga. Tunakusudia kundi la watu watano au sita, kanuni, udi, fidla, dumbaki na mwimbaji, ndani ya chumba ambacho kila mtu anasikia kila uzi. Ulaya muziki wa namna hii wanauita muziki wa chumbani, kwa sababu ulianzia kwenye vyumba vya majumba makubwa. Kila mpigaji ana sehemu yake peke yake, hakuna wa kujificha nyuma ya mwenzake, wala hakuna anayesimama mbele na kijiti kuwaongoza. Wanaongozana kwa masikio. Mjini London upo ukumbi mmoja mashuhuri wa muziki huu, Wigmore Hall, uliofunguliwa mwaka 1901. Una viti vipatavyo 550 tu katika mji wenye mamilioni ya watu, na bado huo mdogo ndio wanaoutamani wapigaji wa dunia nzima.

Lakini hatuna haja ya kwenda London kutafuta mfano. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880 na kufariki mwaka 1950, alilitikisa pwani lote hili akiwa na wenzake wanne: Maalim Shaaban, Mbaruku, Budda na Subeti. Watu watano. Watu walikwenda nyumbani kwake Ng'ambo usiku kumsikiliza. Mwaka 1928 walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na kutoka hapo sauti ya Kiswahili ikafika mahali ambapo meli ya karafuu ilikuwa haijafika. Shaaban Robert akaona mtu huyu anastahili kuandikiwa kitabu cha wasifu. Hakuwa na spika na hakuwa na jukwaa la taa. Alikuwa na maneno yanayosikika na ala zinazoyapisha maneno hayo.

Huo ndio muziki tunaouzungumzia. Sasa tuingie kwenye daftari.

Tuchukue mfano, na tunasisitiza ni mfano tu ili tuone umbo la hesabu. Chumba kina viti 120. Kiingilio shilingi 5,000. Viti vyote vikijaa, mapato ni shilingi 600,000. Upande wa pili, wapigaji watano wanatoka Unguja. Kila mmoja ana nauli ya boti kwenda na kurudi, malazi ya siku mbili, chakula, usafiri wa kutoka bandarini na ala yake, na ujira wake baada ya siku za mazoezi. Tukiweka yote hayo kuwa shilingi 200,000 kwa kila mmoja, na hapo tumebana sana, jumla ni shilingi 1,000,000. Hatujalipa chumba, hatujalipa mlinzi, hatujachapisha tangazo. Upungufu tayari ni shilingi 400,000, na ukumbi umejaa.

Mtu atasema, pandisheni kiingilio. Ili kuziba pengo hilo peke yake kiingilio kitapita shilingi 8,300. Anayetoka Konde na mke na watoto wawili atoe zaidi ya shilingi 33,000 kwa saa mbili za muziki? Hatakuja, na viti vitabaki vitupu, na pengo litakuwa kubwa kuliko lilivyokuwa.

Mwingine atasema, chukueni ukumbi mkubwa, ingizeni watu 500. Hapo sasa udi hausikiki. Itabidi tukodi vipaza sauti, mafundi wake, na jenereta na mafuta yake kwa tahadhari ya umeme. Gharama inapanda pamoja na mapato, na kile kitu chenyewe tulichokwenda kukisikiliza kimeshapotea.

Ndugu zetu, hili si tatizo la Pemba. Mwaka 1966 wanauchumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walichapisha kitabu juu ya uchumi wa sanaa za jukwaani, na hoja yao kubwa mtu yeyote wa sokoni ataielewa. Kiwanda kinaweza leo kutengeneza viatu kumi kwa muda uliokuwa wa kiatu kimoja. Lakini kipande cha muziki kilichotungiwa wapigaji wanne miaka 200 iliyopita bado kinahitaji wapigaji wanne, na bado kinachukua dakika zile zile. Huwezi kukipiga kwa watu wawili ili upunguze mishahara, wala huwezi kukipiga haraka ili upate faida. Maisha yanapanda bei, mpigaji naye lazima ale, na ufanisi wake hauongezeki kwa sababu kazi yake yenyewe ndiyo muda wake. Kwa hiyo mahali popote muziki huu ulipoishi, pana mtu au watu waliolipia kile ambacho kiingilio hakikulipa.

Swali la kweli basi si kama muziki mdogo unajilipia wenyewe. Haujilipii. Swali ni nani anayelipa, na je, akiondoka nini kinabaki? Hapa Zanzibar tumeshajaribu njia tatu, na matokeo yake tunayo.

Njia ya kwanza ni ya mfalme. Inasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, na aliporudi akapiga ndani ya jumba la mfalme. Ulaya nako ilikuwa hivyo hivyo: mtunzi Haydn alikaa miaka mingi akilipwa na nyumba moja ya kitajiri, ya Esterházy. Njia hii hutoa muziki mzuri sana. Kasoro yake ni kwamba muziki ni mali ya mwenye jumba. Asiyealikwa hasikii, na mwenye jumba akifa au akibadilisha mawazo, mpigaji anakunja ala yake.

Njia ya pili ni ya mfadhili wa mbali. Mwaka 2002 kilifunguliwa Mji Mkongwe chuo cha muziki wa nchi za majahazi, kinachojulikana kwa herufi zake DCMA, katika jengo la forodha ya zamani. Chuo hiki kimefanya kazi ambayo haina mfano. Kimewapa vijana kanuni, udi, fidla na kidumbak, wavulana kwa wasichana, na leo ukienda kusikiliza kundi changa la Zanzibar, uwezekano ni mkubwa utamkuta humo mtu aliyepita pale. Lakini ada za wanafunzi, ambao wengi hawana uwezo, hazikuweza kubeba gharama. Chuo kiliegemea sana wafadhili wa nje, na mwaka 2019 fedha zilipokatika, kilitangaza hadharani kwamba kiko katika hatari ya kufungwa. Hatusemi hili kwa kukilaumu. Tunalisema kwa sababu ni somo la hesabu kwa jumuiya yoyote, yetu ikiwemo: kazi yaweza kuwa njema kabisa, ikawa na wanafunzi na sifa, na bado ikayumba kwa barua moja kutoka mbali.

Njia ya tatu ni ya wanachama. Mwaka 1905 vijana wa mjini Unguja waliunda Nadi Ikhwan Safaa. Hawakuwa wafalme. Waliagiza ala kutoka Misri, wakajifundisha, wakakaa pamoja kama klabu. Tangu hapo umepita utawala wa Sultan, umepita utawala wa Mwingereza, yamepita Mapinduzi ya 1964, zimekuja redio, kaseti na simu za mkononi, na Ikhwan Safaa ipo. Mwaka 1958 ikafuata klabu iliyokuja kujulikana kama Mila na Utamaduni, ambayo dunia inaiita Culture Musical Club, nayo ipo na imesafiri nchi nyingi. Mwaka 2009 wanawake nao, chini ya Bi Mariam Hamdani, wakaunda Tausi, kundi lao wenyewe la kupiga ala na si la kuimba tu. Na kutoka ndani ya klabu kubwa huzaliwa makundi madogo: Rajab Suleiman, mpigaji kanuni aliyetoka Culture, aliunda Kithara, watu wachache wanaosikilizana.

Tazameni sasa safu hizo tatu kama mnavyotazama hesabu za biashara tatu. Iliyokuwa na fedha nyingi zaidi iliisha na mwenyewe. Iliyotegemea hazina ya nje iliponea chupuchupu. Iliyokuwa na watu wengi wenye vichache ndiyo iliyotimiza zaidi ya miaka 100. Hatuoni sababu ya kutafuta njia ya nne.

Na kwa kweli njia hii hatujifunzi leo. Sote tunajua kutunza. Mwimbaji akifika kwenye ubeti uliokugusa, unainuka polepole, unakwenda mbele, unamtunza, unarudi kukaa. Hakuna aliyekulazimisha na kiingilio umeshalipa. Unatoa kwa sababu kile ulichokisikia kimekuwa chako. Tunachokiomba leo ni kutunza kabla ya wimbo, na kutunza kwa pamoja.

Sasa tueleze mabaraza yenyewe, maana mchangiaji ana haki ya kujua ananunua nini.

Baraza la kwanza litakuwa la watu watano, kwa kumkumbuka Siti binti Saad na wenzake. Hakuna kipaza sauti. Watasikia watoto wetu kwamba watu watano wakiwa hodari wanatosha kujaza chumba.

Baraza la pili litakuwa la ala peke yake. Mnajua kwamba taarab ya asili hufunguliwa kwa bashraf, kipande kinachopigwa bila mwimbaji, na kwamba wengi wetu huo ndio wakati wa kutafuta kiti. Safari hii bashraf itakuwa ndiyo karamu. Mpigaji ataionesha kanuni yake yenye nyuzi zaidi ya 70, ataeleza jinsi anavyogeuza vile vishikizo vidogo vya pembeni kupandisha na kushusha sauti, kisha atapiga. Sisi wahasibu tumekuwa tukiwasomea kanuni za fedha miaka yote. Mara hii mtapata kanuni inayosikilizika.

Baraza la tatu litakuwa la kidumbak. Hapa pana fidla, ngoma mbili ndogo, cherewa, mikwasa na sanduku, lile la uzi mmoja na kijiti, linalovuma kama besi kubwa. Tumelichagua kwa sababu maalumu. Mtoto wa Micheweni akiona kanuni anaweza kusema hiyo ni ya watu wa mjini, baba hawezi kuninunulia. Akiona sanduku la mbao linatoa sauti ile, ataanza kazi kesho yake asubuhi. Kila ufundi unahitaji mlango wa chini ambao maskini anaweza kuingilia.

Baraza la nne ndilo tunaloliona moyo wa jambo hili lote, nalo ni la Kamange na Sarahani. Vijana wetu wengi wakiambiwa mshairi wa zamani wanataja Mombasa au Lamu. Pemba ilikuwa na washairi wake wakubwa, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na wawili hao ndio vinara. Mashairi yao yamehifadhiwa katika kitabu, *Kale ya Washairi wa Pemba: Kamange na Sarahani*, kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla na kuchapishwa hapa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Mashairi hayo yametungwa kwa vina na mizani, yaani yameshakuwa nusu ya wimbo kabla hajaja mpigaji. Tunataka watunzi wayatie sauti, yaimbwe Pemba, mbele ya watu ambao Kiswahili chake ni chao. Ukisoma peke yako utakwama kwenye neno la kale. Ukikaa na bibi yako kando, mwimbaji akilitamka, bibi atakunong'oneza maana yake. Neno hilo limerudi kwenye matumizi. Na hili haliwezekani kwenye ukumbi wa spika, kwa sababu bibi hatasikika.

Katika mabaraza yote manne tumeweka sharti moja ambalo mhasibu yeyote angeliweka. Nauli ya boti ya mpigaji ndiyo gharama kubwa, na ikishalipwa imelipwa. Kwa hiyo mpigaji hatakuja kupiga saa mbili za usiku akarudi. Asubuhi ya siku ile na ya siku inayofuata atakaa na vijana waliochaguliwa na shule za wilaya hiyo na kuwashikisha ala. Nauli moja, kazi mbili. Na fungu la mwanzo la mchango litanunua fidla na udi zitakazobaki Pemba baada ya boti kuondoka. Maana shabaha yetu si kuleta wapigaji kutoka Unguja daima. Shabaha ni kwamba siku zijazo, katika ile hesabu ya wapigaji watano, nauli ya boti iwe sifuri kwa sababu wapigaji wametoka Wete na Mkoani. Hapo pengo la shilingi 400,000 litapungua lenyewe, na kijana wetu mwenye kipaji hatalazimika kuhama kisiwa ili awe mwanamuziki.

Turudi kwenye maswali matatu.

La kwanza, mtoto anayekaa chini darasani. Jibu letu ni kwamba fedha ya dawati itabaki fedha ya dawati. Hatuombi senti moja kutoka mfuko wa elimu, wa maji wala wa afya. Tunaomba mfuko wa peke yake, wenye daftari lake na stakabadhi zake za rangi tofauti. Mfuko huu ukikosa fedha, mabaraza yatapungua kutoka manne hadi mawili, au hadi moja, na hakuna atakayekwenda kuazima kwenye mfuko mwingine. Hilo tumeliandika, na wenye kutia saini ni watatu, mmoja wao akiwa nje ya kamati yetu. Lakini tuongeze neno moja. Sisi sote tuliokaa hapa tulisomea Pemba kwenye madarasa yenye upungufu, na kilichotufanya tuwe watu si dawati peke yake. Kuna vitu tulivyosikia vikatufanya tujue kwamba tunatoka mahali. Mtoto wa leo anastahili vyote viwili.

Swali la pili, wanaharusi kujilipia. Ni kweli, harusi imeilisha taarab miaka mingi, na tunaiombea iendelee. Ila kwenye harusi muziki ni mhudumu. Anayelipa anataka watu wafurahi na picha zipigwe, na ana haki. Hakuna harusi itakayolipia bashraf ya robo saa, wala mtunzi kukaa na shairi la Kamange wiki tatu. Kazi hiyo isipopata mahali pake itakufa huku harusi zikiendelea kila Ijumaa.

La tatu ni la wazee wetu wanaoona muziki haufai. Hatutabishana nao, na hatukupewa elimu ya kubishana nao. Tunachoweza kuwaahidi ni uaminifu. Hakuna fedha yao itakayoingia huko bila wao kujua. Anayechangia kisima atapewa stakabadhi ya kisima, na kitachimbwa kisima. Mabaraza hayatafanyika ndani ya Ramadhani, hayatawekwa karibu na msikiti, hayatagongana na wakati wa sala, na yataisha mapema ili wazazi warudi na watoto wao. Tunawaomba dua tu, na dua haina stakabadhi.

Sasa jinsi ya kuchangia. Ndani ya kijarida hiki mna fomu ya ahadi yenye safu nne. Safu ya nne ndiyo ya mabaraza. Hatutafuti mtu mmoja wa kulipa yote. Akitokea, tutamshukuru, tutamwomba achukue sehemu, na sehemu iliyobaki tutawaachia wengine, kwa sababu mliyoisikia: tumeona yanayotokea pale mtu mmoja anapolipa yote. Tungependa zaidi watu 200 wenye ahadi ndogo ya kila mwezi kuliko watu wawili wenye hundi kubwa. Mchango mdogo wa kila mwezi unampa kila mmoja haki ya kuuliza: mpigaji alikuja? Vijana wangapi walishika ala? Ile fidla iko wapi? Jumuiya ambayo wanachama wake wanauliza haifi upesi.

Na hapa tunarudi kwenye karafuu. Wanajumuiya wenye mashamba mnajua mwaka wa neema na mwaka wa ukame. Pendekezo letu ni kwamba katika kila shilingi itakayoingia mfuko huu, sehemu ya tano iwekwe na isiguswe, ili mwaka mbaya ukija msimu usikatike. Ikhwan Safaa haikuvuka miaka 100 kwa kuwa kila mwaka ulikuwa mwema. Waliokuwepo waliuvusha mwaka mbaya, wakawakabidhi wenzao. Sisi tunataka kukabidhi pia.

Mwaka ujao, Mungu akitupa uhai, mtatuona tena mahali hapa na karatasi moja. Upande wa kulia mapato, upande wa kushoto matumizi, chini idadi ya vijana walioshika ala na orodha ya ala zilizobaki Pemba na shule zilipo. Kama mabaraza yalikuwa mawili badala ya manne, tutasema mawili. Kama ukumbi haukujaa, tutasema haukujaa. Mtatupima kwa karatasi hiyo.

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha Pemba tumekijaza mara nyingi kwa mikono hii hii. Tunaomba mfungue kijarida, mchukue kalamu, muandike kiasi ambacho hakitawaumiza na ambacho mtaweza kukirudia.